Alikalia Ndengu, Akaandika Hakuna

Mumbua,

Wewe mtoto huna haya. Siku tatu uko Kitui mjini, unakunywa chai ya hoteli, na Zombe iko hapa hapa, na hukuniletea hata uso. Nimeambiwa na mama yako kwa simu leo asubuhi. Mimi nyanya yako niliyekufuta makamasi mpaka ukaanza shule, naambiwa habari zako na mtu aliye Salama akiuza machungwa kando ya barabara kuu! Nikamuuliza, "Mumbua gani huyo?" Maana Mumbua niliyemlea hawezi kufika Kitui akaniacha hivi, kama gari la chifu linavyompita mlevi. Mwaka mmoja na miezi. Mwembe ulioupanda nyuma ya choo umezaa, maembe yameliwa, mbegu zimetupwa, na wewe bado hujaja.

Haya. Nimemaliza kugomba. Hapana, sijamaliza, nitaendelea njiani.

Anayeandika ni Mama Zainabu, yule wa mahamri karibu na soko. Mimi ninasema Kikamba changu na Kiswahili changu cha gulioni, yeye ananyoosha, maana unajua darasani sikuingia hata siku moja. Mumewe anapeleka kuku Kitui saa kumi, na ameapa ataiweka barua hii mkononi mwako. Nimemwambia asipokupata arudi na kuku wake wote. Kwa hivyo tuna muda mpaka saa kumi, na Mama Zainabu ameweka maji ya chai, na ameanza kunilaumu kwamba ninasema haraka.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu inakatika, hilo moja. La pili, nikikwambia kwa simu utasema "sawa Susu, sawa Susu", na huku unatafuta kiatu. Nyinyi watu wa chuo mnaamini kilichoandikwa. Basi niandikwe na mimi.

Sitakwambia ubebe nini. Mama yako amekwambia mpaka umechoka. Huko Tseikuru unakotumwa kuna jua na mbuzi, utajionea mwenyewe.

Mumbua, nimefurahi! Mama yako aliposema umechaguliwa wewe, katika hiyo idara yenu ya uchumi wa kilimo, uwaongoze wale wanaokwenda kuuliza wafugaji na wakulima, nilitoka nje nikapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ua. Kalondu jirani alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani nimepata mchumba. Nikamwambia, "Mumbua anaenda kuuliza watu maswali, na wenzake watamfuata." Akasema, "Hiyo ni kazi ya kulipiwa karo? Mimi nauliza watu maswali kila siku bure." Nikamwambia, "Yako yanaitwa umbea. Ya Mumbua yanaandikwa." Tulicheka mpaka akakaa chini. Nimemwambia mchungaji, nimemwambia fundi wa baiskeli, nimemwambia punda. Punda tu ndiye hakunipongeza.

Halafu nikaingia jikoni kupuliza moto, furaha ikasimama ghafla kama gari lililokosa mafuta. Nikakumbuka kwamba kuna jambo kuhusu kuulizwa ambalo hulijui, na ukienda Tseikuru bila kulijua utarudi na gunia la uongo ukidhani ni mavuno. Mimi ninajua, kwa sababu gunia la kwanza nililifunga mimi.

Sikiliza.

Ulikuwa mgongoni mwangu. Mama yako alikuwa amekuacha kwangu akaenda kutafuta kazi Salama, wewe hujaota hata jino. Mvua ya Novemba ile ilinyesha kama iliyotumwa. Ndengu zilibeba mpaka mashina yakalala. Tulivuna, tukapiga, tukapepeta, na nyumba haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa mwethya yetu, wanawake wa kulimiana, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Basi ikaja habari: watu wa chuo kikuu wanakuja kuuliza kila nyumba imevuna nini. Hakuna aliyejua wanauliza ili iweje. Mimi nilijua. Yaani nilijifanya ninajua. Niliwakusanya wanawake kwenye kisima cha mchangani, nikasema, "Nyinyi, hii ni orodha ya chakula cha msaada. Atakayesema amevuna, jina lake linakatwa. Semeni hakuna. Mkiulizwa ndengu, semeni wadudu. Mkiulizwa mbuzi, semeni wawili watatu." Kalondu akauliza, "Na wakiingia ndani wakaona magunia?" Nikamwambia, "Wakiingia ndani, mwanamke mwenye akili hakosi leso."

Unaona nilivyokuwa hodari?

Akaja mwalimu mmoja wa chuo, mwanamume mpole, viatu vimejaa vumbi hadi kwenye kamba, mkononi karatasi nyingi. Alitembea kwa miguu kutoka sokoni. Hakuwa na dharau. Aliniita mama, akaniuliza hali ya mtoto, yaani wewe, akakushika kidole. Mimi nikaona kigoda kiko nje, magunia mengine nimeyafungia chumba cha nyuma, na moja limebaki pale pale anapoingia. Nikalifunika gunia kwa leso yangu nyekundu, ile ya maua, nikalipigapiga juu kama mto, nikamwambia, "Karibu mwalimu, keti hapa, ni laini."

Akakaa juu ya ndengu.

Mumbua, mtu akikaa juu ya gunia la ndengu linalia. Linasema *shhh*, punje zinatafuta nafasi. Alisogea kidogo, likasema *shhh*. Akaniangalia. Nikakohoa. Akanywa uji wangu, akafungua karatasi, akauliza, "Mama, msimu huu umevuna ndengu kiasi gani?" Nikaweka uso wa matanga. Nikasema, "Ndengu? Mwanangu, ndengu za hapa ni za kuhadithiwa tu. Ardhi hii haizitaki." Akaandika. Kila alipoandika, gunia likasema *shhh*. Alimaliza, akainuka, akanishukuru kwa mikono miwili, na nyuma ya suruali yake punje tatu za kijani zimemganda, akaondoka nazo. Sisi wanawake tulicheka wiki nzima. "Alikalia ndengu, akaandika hakuna!" Ulikuwa wimbo wetu wa kulimia.

Chakula cha msaada hakikuja. Hakuna aliyekuwa ametuahidi. Ni mimi tu niliyeahidi.

Kilichokuja ni mwalimu yule yule, baada ya mavuno mengine. Alirudi! Wengi hawarudi, yeye alirudi. Akaita baraza, akatundika karatasi kubwa ukutani, akatueleza walichokiona. Alisema asante kwa kuwaambia ukweli. Alisema idara yao imepata nafasi ya kuleta mbegu nzuri ya ndengu, na mizani, na mafundisho ya wakulima kuweka mazao pamoja na kuuza kwa sauti moja, lakini kwa vile hapa kwetu ndengu hazikubali, wataanzia upande wa Makueni. Sisi akatushauri tuangalie mazao mengine. Alikuwa anasikitika, maskini, kama daktari anayempa mtu habari mbaya. Na wanawake wote, Mumbua, wote waligeuza shingo wakanitazama mimi.

Ningesimama pale. Ningesema, "Mwalimu, ulikalia." Maneno mawili. Nikajifunika leso, nikafungua kamba ya kiatu nikafunga tena.

Makueni walipata mizani. Sisi tukabaki na broka, mnunuzi wa kupitapita, na gorogoro lake, mkebe wa kupimia, lile analolibonyeza tumbo kwa ndani likavimba, halafu anajaza mpaka linakuwa na kilima juu, na anaita hicho kipimo kimoja. Wewe umekua ukimwona. Ulikuwa ukiniuliza, "Susu, kwa nini ndengu za juu ya mkebe hazihesabiwi?" Nikikwambia nyamaza. Sasa unajua kwa nini nilikuwa nakwambia nyamaza.

(Mama Zainabu anasema chai imepoa. Nimemwambia ainywe.)

Sasa hilo la mbuzi. Hilo ni langu na lako, na ndilo limekuweka mbali na mlango wangu. Ninalijua, usidhani ni uzee.

Ulikuja likizo ya Aprili, mwaka jana, na karatasi yako ya mazoezi. Ulikuwa umevaa ile kofia ya chuo. Ukakaa kwenye kigoda, kalamu imesimama, ukasema kama mtu asiyenijua, "Susu, naomba nikuulize kama mkulima. Una mbuzi wangapi?"

Na mwethya ilikuwa pale, tunamenya mbaazi. Nikasema, "Watatu."

Ukacheka ukidhani natania. "Susu, nawasikia wanalia huko nyuma. Mimi nimewachunga."

"Basi kama unajua unaniuliza nini? Andika watatu."

"Susu, ni ya shule tu. Hakuna mtu atachukua."

Hapo ndipo nikafanya ubaya. Watu walikuwa wanatazama, nikataka kuchekesha. Nikasema kwa sauti, "Kwa hiyo karo yote ile mama yako anauza machungwa juani, chuo kikuu kinakufundisha kuhesabu mbuzi? Hiyo mtoto wa kuchunga anaijua na hajavaa suruali!" Wakacheka wote. Kalondu alicheka mpaka akamwaga mbaazi. Wewe ukakunja karatasi mara mbili, mara nne, ukaiweka mfukoni, ukatusaidia kumenya. Asubuhi kigoda kilikuwa mahali pake na wewe hukuwepo.

Mama yako alikuja kuniambia yaliyofuata. Kwamba uliandika "watatu" kwa sababu mlifundishwa kuandika jibu la mkulima, si la macho yako. Na chini yake uliandika pia kwamba kila asubuhi ninakamua wanne, kwa sababu hilo nilikuwa nimelitaja mwenyewe nikijisifu. Kwamba mwalimu wako alisimama darasani akauliza ni mkulima gani huyu mwenye mbuzi watatu, anayekamua wanne. Na darasa zima likacheka. Na ukaulizwa ulimpata wapi mkulima huyo, ukasema, "Ni mama mmoja tu."

Hukusema ni Susu wangu.

Mama yako alinieleza kama kisa cha kuchekesha. Mimi sikucheka. Nilienda nyuma ya boma nikakaa kwenye jiwe. Mimi nilikufanya kichekesho mbele ya watu wangu, wewe ukanificha mbele ya watu wako. Nimekuwa nikilitafuna hilo tangu siku hiyo, halimezeki.

(Mimi Mama Zainabu naongeza hapa bila ruhusa: anafuta macho kwa kanga yangu, na ananiambia ni moshi. Hakuna moto.)

Ameandika nini hapo? Amekataa kunisomea. Utaniambia ukija.

Nataka ujue nilikudanganya si kwa sababu sikukuamini. Kwetu mali ya kupumua haitajwi kwa idadi. Mama yangu alinipiga mkono nilipomwelekezea mbuzi kidole. Unamhesabu leo, kesho fisi anakuja kusahihisha. Mchungaji wetu anasema hizo ni imani za giza, tumeokoka. Nikamuuliza, "Mchungaji, wewe una kuku wangapi?" Akatazama juu, akasema, "Bwana amebariki." Unaona? Hata yeye.

Basi ni hofu, Mumbua, si ujinga. Na mtu mwenye hofu ukimuuliza kama polisi atakujibu kama mshtakiwa.

Sasa nikwambie kwa nini leo, na si mwaka jana. Msimu uliopita watu wa idara yenu walikuja hapa hapa, uwanja wa kanisa. Nilikwenda mapema, nikakaa mbele, nikatazama kila uso nikikutafuta. Hukuwepo. Kulikuwa na msichana mmoja mwembamba, sauti kama filimbi. Mumbua, msichana yule alinifurahisha! Alichukua chupa kavu, akatia ndengu na chumvi kavu, akanipa nitikise. Nikatikisa kama mtu wa kwaya. Akasema, "Susu, tuache itulie. Chumvi ikishika kwenye chupa, ndengu bado zina maji, ukizifunga zitaoza. Isiposhika, weka." Ikashika! Mimi miaka yote nauma punje kwa jino, na jino lenyewe limebaki moja upande huu. Nimefanya hivyo nyumbani kila siku mpaka Kalondu anasema nitapika chakula bila chumvi. Na akatuonyesha gunia lenye mifuko ya nailoni ndani, hewa haiingii, fukusi anafia humo humo bila dawa. Na akatuuliza, kwa nini wote tunauza wiki moja? Tukacheka, tukasema, shule zinafunguliwa wiki moja! Akaandika hilo haraka haraka, kana kwamba tumempa dhahabu. Nikawaza, kumbe hii ndiyo kazi ya Mumbua. Kumbe mtu anaweza kusomea mpaka chuo kikuu kwa nini mimi nauza siku ninayouza. Nilijiona mtu, nakwambia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Wote huniuliza ngapi tu.

Halafu akakunjua karatasi nyingine. Akasema, "Mama zangu, nina shida. Hapa nina maandishi ya zamani ya idara yetu, yanasema ndengu hapa hazikubali. Lakini nimetembea kutoka sokoni nikikanyaga maganda ya ndengu njia nzima. Nani ananidanganya, karatasi au maganda?"

Kalondu akajifanya anafunga leso.

Na wakanitazama tena. Mama wale wale, na sasa wamezeeka, wengine wana fimbo, shingo zao zikageuka vile vile kama siku ile ya baraza. Na mimi, mwenye mdomo kuliko wote Zombe, ninayemgombeza hata chifu, nikafungua kiatu. Nikafunga tena.

Unajua kinachoniuma? Karatasi ile inaishi. Mimi nilidhani uongo wangu ulikufa na kicheko chetu. Kumbe uko chuoni kwenu, umewekwa kabatini, watoto kama wewe wanausoma kama kweli. Labda nawe umeusoma. Umesoma kwamba kwenu ndengu hazikubali, na wewe uliota meno ukiguguna ndengu mbichi.

Kwa hiyo ukifika Tseikuru, kumbuka unakwenda kwa watu kama mimi. Mwingine atakuwa hodari kuliko mimi.

Kabla hujafungua kalamu, waambie hamkuleta chakula na hamkuja kuhesabia kodi. Waambie mapema, hata kama nyuso zitaanguka. Yule mwalimu wetu kosa lake lilikuwa moja tu: alikuja na maswali, hakutuambia majibu yanakwenda wapi, nasi tukaijaza nafasi ile kwa njaa yetu. Akili ya mtu mwenye njaa haiachi nafasi wazi.

Na uwachunguze wenzako wanapouliza. Kijana wa mjini akishika karatasi anainua kidevu. Mshushe kidevu. Akipewa uji anywe, hata kama una mchanga. Mwanamke msimuulize mbele ya mumewe ameuza nini, maana kuna kuku ambao mume hajui walikwenda wapi, na mkimfichua mmevunja nyumba kwa ajili ya mstari mmoja wa karatasi. Mngojeni anapokwenda silanga kuteka maji, mbebeeni mtungi, atawaambia mpaka habari ambazo hamkuuliza.

Na mbuzi. Hili nimelifikiria usiku mwingi, na leo asubuhi nikipuliza moto nimelipata, na ndiyo sababu nilimkimbilia Mama Zainabu na unga bado mkononi. Usiulize wangapi. Uliza wanaitwaje! Mfugaji hatataja idadi, lakini majina? Majina utamnyamazisha kwa fimbo. Atakwambia huyu ni wa mahari, huyu ni mjukuu wa yule aliyeliwa na chui, huyu hana adabu. Ataringa. Wewe sikiliza, na kwa kila jina piga mstari mdogo kwenye karatasi yako. Yeye hajahesabu. Wewe hujaelekeza kidole. Hakuna aliyevunja mwiko na ukweli umeingia. Mwambie mwalimu wako umefundishwa na mama mmoja tu.

Nimecheka mwenyewe nilipolipata hilo. Ukweli ulikuwa karibu hivyo, na mimi nilikufukuza kwa ajili yake.

Jambo la mwisho, na Mama Zainabu anasema kuku tayari wamefungwa miguu, pikipiki inanguruma. Usiamini uso wa matanga. Mimi ninao mmoja, ni mzuri sana. Ukikaribishwa mahali pa kukaa, angalia unakalia nini. Kama kinasema *shhh*, usimwaibishe mtu. Usikifunue. Inuka polepole, keti chini kwenye udongo pamoja naye, umuulize tena swali lile lile kwa sauti ya mtoto wake. Mwalimu yule alisikia, Mumbua. Nina hakika alisikia. Aliona haya kumwambia mama mtu mzima, "Mama, nimekalia nini?" Heshima yake na hila yangu ndizo zilizotunyima mizani. Kama angeketi chini, pengine ningeshindwa. Sijui. Nilikuwa na kichwa kigumu. Lakini wewe ulikuwa mgongoni ukinivuta nywele, na huenda ningeshindwa.

Wewe ni Mumbua na mimi ni Mumbua. Mama yako alikupa jina langu, jina la mvua kwa Kikamba, na aliyepewa jina hana namna, anabeba na madoa yake. Mumbua mmoja alidanganya, mwingine kesho anapanda gari kwenda kuuliza. Naona ni kama mvua imetuita mara mbili, ya kwanza nikaificha, ya pili ni hii. Nenda mwanangu. Nenda ukiwa na kidevu chako chini na kalamu yako juu. Nina furaha mpaka magoti yanacheza.

Ukimaliza Tseikuru, sikiliza nitakavyokwambia. Usije siku ya kawaida. Njoo Jumamosi ya mwethya, wanawake wote wawe hapa, wale wale waliocheka. Usiniletee sukari, usiniletee mkate. Lete karatasi mpya isiyoandikwa kitu. Fika jioni mbuzi wanaporudi, usimame kwenye lango la boma, na mimi nitasimama ndani niwaite mmoja mmoja kwa sauti, mbele ya watu: Askofu mwenye ndevu, Madoa, Soda, Mwizi, Bibi Harusi, na wengine utawasikia siku hiyo, wote, hata yule niliyemficha kwa Kalondu. Wewe piga mistari yako.

Halafu tutaingia ndani. Kuna gunia, mavuno ya msimu huu, nimelitikisia chupa, limekauka. Nimelifunika kwa leso ile ile nyekundu, maua yamefifia lakini ni yenyewe, sikuwahi kuitupa. Nitawaambia wanawake nilichopaswa kusema barazani. Wewe usikae popote. Simama mlangoni na kalamu yako, mpaka uone leso iko mkononi mwangu.